Kashata zako za protini: asali imezidi, soya haijaiva

"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 34 na kilo 68. Nina mtoto wa miezi minane, bado ananyonya. Tangu Januari nakimbia jioni kilomita nne, siku nne kwa wiki, ili nipunguze tumbo na nirudishe nguvu. Mwenzangu kazini alinifundisha kutengeneza baa za protini nyumbani: vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa, kikombe cha oti, nusu kikombe cha unga wa soya, tende ishirini na kikombe kizima cha asali. Asali na tende nazichemsha kama dakika kumi, nachanganya vyote, nashindilia kwenye sinia na kukata vipande 16. Nakula viwili kila nikitoka kukimbia. Siku ya kwanza ni laini, siku ya tatu ni mawe, na za mwisho hunuka mafuta yaliyokaa. Tumbo nalo linajaa gesi. Soya nasagisha mashineni ikiwa mbichi, kisha naitia hivyo hivyo. Je, napata protini ya kutosha, au ninunue ule unga wa protini wa kopo? Naweza kumpa mwanangu, na mama mkwe wangu mwenye kisukari? Mume wangu ananishauri niziuze pia."

Mwalimu, asante kwa kuandika vipimo. Wengi huniuliza "je, hiki ni kizuri?" bila kusema wametia nini na kiasi gani, nami nabaki kubahatisha. Kwako sina haja ya kubahatisha. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba mambo mawili yaanze leo: soya mbichi usiitie tena, na mtoto asipewe hata kipande kidogo cha kashata hizo. Sababu zake zinakuja.

Nasema kashata kwa sababu ndicho ulichotengeneza. Kile kinachouzwa madukani ndani ya karatasi ya kung'aa kikiitwa baa ya protini ni binamu wa kashata ya karanga: kitu kikavu, kitu kinachonata, vikashindiliwa na kukatwa. Tofauti yao iko kwenye hesabu. Kashata ya sokoni haikuahidi kitu zaidi ya utamu na shibe. Hii yako umeipa kazi ya kujenga mwili, kwa hiyo ni haki tuikague.

Nimepima vikombe vyako kwa mizani ya jikoni. Karanga vikombe viwili ni kama gramu 300, oti gramu 90, unga wa soya gramu 45, tende ishirini bila kokwa gramu 150, na asali kikombe kimoja gramu 350. Hapo umeshaona jambo: asali ni nzito kuliko karanga. Sinia zima lina protini ya gramu 109 hivi. Ukigawa kwa vipande 16, kila kimoja kinabeba gramu 7 tu, ambazo ni sawa na yai moja na kidogo. Lakini yai lina kalori kama 70, na kipande chako kina takriban 230. Sukari iliyomo ndani yake, ya asali na tende kwa pamoja, ni gramu 24, yaani vijiko sita vya chai. Vipande viwili vya jioni ni vijiko kumi na viwili. Ungemwona mtu anavitia vyote kwenye kikombe kimoja cha chai ungemshika mkono.

Najua utasema: lakini ni asali, si sukari. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na linafanywa na watu makini wanaojali afya zao. Asali ina harufu nzuri, ina historia ndefu katika dawa zetu, na mimi mwenyewe naipenda. Ila katika kila gramu 100 za asali, gramu 82 hivi ni sukari, na iliyobaki karibu yote ni maji. Mwili ukishaimeng'enya hauulizi kama ilitoka kwa nyuki au kwenye miwa ya Kilombero. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, na linashauri sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na vizuri zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Asali pekee katika vipande vyako viwili inafika gramu 36. Tende nzima ina unafuu kidogo kwa sababu inakuja na nyuzinyuzi zake na shirika hilo haliiweki kwenye kundi moja na asali, lakini nayo ni tamu: karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari.

Kosa la pili ni kuidhania karanga kuwa chakula cha protini kwanza. Karanga ni chakula cha mafuta kwanza. Gramu 100 zina protini kama 25 na mafuta karibu 49. Ni mafuta mazuri, sina ugomvi nayo, ila ndiyo yanayobeba kalori nyingi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinakupa gramu 15 za protini kwa kalori zisizofika 250. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini tumbo halipungui ilhali unakimbia, jibu liko kwenye sinia. Mtu wa kilo 68 akikimbia kilomita nne hutumia kalori kama 270. Wewe unarudi nyumbani na kula 460.

Sasa swali lako la msingi: je, protini inakutosha? Mtu mzima asiye na mazoezi mazito anahitaji takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwako ni kama gramu 55. Kwa kuwa unanyonyesha na mtoto ameshapita miezi sita, ongeza gramu 13 hivi. Mbio zako zinaongeza kidogo. Mimi ningekuwekea lengo la kati ya gramu 70 na 85 kwa siku, bila kuhangaika na gramu moja moja.

Tuchukue siku ya kawaida. Asubuhi mayai mawili, kikombe cha maziwa na chapati; mchana wali na kikombe cha maharage; usiku ugali, mchicha na kiganja kilichojaa dagaa wakavu, kama gramu 30. Mayai 12, maziwa 8, chapati 6, wali 6, maharage 15, ugali 12, dagaa 18: jumla 77. Umefika, na hujagusa kashata yoyote. Ila wengi wetu asubuhi tunakunywa chai ya rangi na maandazi tukikimbilia kengele ya shule. Toa mayai na maziwa uone: umebaki na 57. Pengo la protini kwa walimu ninaokutana nao liko saa moja asubuhi, si saa moja jioni baada ya mazoezi. Na mwili haufungi mlango nusu saa baada ya kukimbia kama wanavyotisha watu wa jimu. Unajenga misuli mchana kutwa na usiku kucha, mradi protini iwe imegawanywa kwenye milo. Kwa hiyo kashata njema kwako ni ya kubeba kwenye mkoba, ile saa nne ya mapumziko ambapo vinginevyo ungenunua andazi la pili.

Nije kwenye mawe ya siku ya tatu. Bibi mzaa mama alikuwa anauza kashata Tanga, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kushika bakuli la maji baridi. Alikuwa anachota sukari inayochemka kwa ncha ya mwiko na kudondosha tone moja kwenye maji. Tone likiwa laini, linabonyea kati ya vidole kama ulimbo, alisema bado. Likishuka chini na kulia "ta" kwenye bakuli, alitoa sufuria motoni papo hapo. Nilikuja kusoma chuoni kilichokuwa kikitokea mle: kadiri sukari inavyochemka, maji yanatoka na joto linapanda. Ikifika nyuzi 115 hivi, tone linakuwa laini; ikikaribia 150, linakuwa kioo. Bibi alitaka kioo. Wewe unataka ulaini, lakini unachemsha asali dakika kumi kama mtu anayetaka kioo.

Hilo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni unga. Unga wa soya na oti ni vikavu sana, na vina kiu. Siku ya kwanza maji yaliyobaki kwenye asali na tende bado yako kwenye asali na tende, ndiyo maana unapouma unakuta ulaini. Usiku wa kwanza na wa pili unga unayanyonya taratibu, kinachonata kinakauka, na protini za soya zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo sababu hata baa za viwandani hukakamaa zikikaa dukani. Dawa yake si kuongeza asali. Dawa ni kutoichemsha kabisa, ipate joto tu mpaka imiminike, na kuacha mafuta ya karanga yafanye kazi ya kulainisha: saga sehemu kubwa ya karanga ziwe siagi badala ya kuziacha nzima. Mafuta hayanyonywi na unga kwa namna ile ile, kwa hiyo ulaini wake unadumu.

Harufu ya mafuta yaliyokaa ni jambo jingine. Hayo ni mafuta ya karanga yaliyokutana na hewa, mwanga na joto, na joto la Morogoro unalijua. Karanga zilizosagwa huchacha haraka kuliko nzima kwa sababu mafuta yamefunguliwa. Kashata ikianza kunuka hivyo itupe. Haitakulaza hospitali siku hiyo, lakini ladha yake ni ishara kwamba mafuta mazuri uliyoyataka yameshaharibika. Kata vipande, funga kimoja kimoja kwenye karatasi, weka kwenye chombo chenye mfuniko. Nje ya friji kula ndani ya siku nne au tano, kwenye friji wiki mbili, na kwenye friza hata miezi miwili.

Watu huniuliza kwa nini kashata haiozi upesi kama maharage yaliyolala. Ni kwa sababu bakteria na ukungu wanahitaji maji yaliyo huru, na katika kashata maji ni machache, tena yameshikiliwa na sukari. Ukitembelea kituo cha afya utaona watoto wenye utapiamlo mkali wakipewa pakiti za chakula dawa. Cha kwanza kujulikana sana, Plumpy'Nut, kilibuniwa mwaka 1996 na daktari Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset: siagi ya karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakina maji ya kuongeza, na ndiyo maana pakiti inakaa miezi bila friji na mama anaweza kumlisha mtoto nyumbani. Somo kwako ni hili: usitie ndizi mbivu, maziwa ya maji wala yai bichi kwenye kashata ya kukaa siku nyingi. Ukitia umetengeneza chakula cha kuliwa leo.

Soya sasa. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani protini zinazokizuia kimeng'enya ambacho tumbo lako linakitumia kuvunja protini nyingine. Kwa maneno mepesi, umetia soya ili upate protini, na yenyewe inakuzuia usiipate yote, ya kwake na ya karanga pia. Juu ya hapo ina aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha, na hapo ndipo gesi yako inapotoka. Moto unaviharibu vizuizi vile. Zile sukari hazifi kwa moto, lakini nyingi huondoka na maji ya kuchemshia.

Kwa hiyo fanya hivi. Chemsha maji mengi kwanza, yakishatokota ndipo umimine soya kavu, usiianzishe kwenye maji baridi. Ile harufu ya umaharage ambayo wengi hawaipendi hutengenezwa na kimeng'enya kinachoamka soya ikilowana. Maji yanayotokota yanakiua kabla hakijafanya kazi. Acha ichemke nusu saa, mwaga maji, isugue kwa viganja ndani ya maji safi maganda yaelee, yaondoe. Anika mpaka ikauke kabisa, ikaange kwa moto mdogo hadi ianze kunukia na kupata rangi ya kahawia hafifu, ndipo uipeleke mashineni. Mwombe mwenye mashine asage baada ya kusafisha mabaki ya mahindi. Kazi ni ya siku mbili, lakini kilo mbili zitakutosha muda mrefu.

Nikae kidogo kwenye karanga, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ambayo haionekani wala hainuki. Karanga zikivunwa na kuhifadhiwa kwenye unyevu hushambuliwa na ukungu unaotoa sumukuvu. Kwenye mahindi tumeshaona inavyoua: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na mwaka 2016 ikatuua hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Hayo ni matukio ya kiasi kikubwa kwa mpigo. Kiasi kidogo kidogo cha miaka mingi hakimwangushi mtu, lakini kinalidhuru ini na kinaweza kuleta saratani yake, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Na wewe unanyonyesha. Sumu hii hupita pia kwenye maziwa ya mama.

Kukaanga hakuimalizi. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu karibu kila mtu anaamini moto unasafisha kila kitu. Sumukuvu inavumilia joto la kikaango. Kinachosaidia ni macho na vidole. Mwaga karanga mbichi kwenye ungo mahali penye mwanga, kiganja kimoja kimoja. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye doa la kijani au nyeusi, zilizoanza kuota. Zikishakaangwa zimenye, zipepete maganda, kisha zichague tena, maana nyingine zinaficha madoa chini ya ganda jekundu. Ukitafuna moja ikawa chungu iteme, na uangalie zilizobaki kwa mashaka. Katika kilo moja unaweza kutoa kiganja kizima, na inauma kwa bei za sasa. Itupe hata hivyo, usiwape kuku. Kwa sababu hii sipendi karanga zilizosagwa tayari za kupima kwa kijiko sokoni: mashine ikishapita, hakuna jicho linaloweza kuchagua.

Tukishakuwa na soya iliyoiva na karanga zilizochaguliwa, hivi ndivyo ningepanga sinia lako upya. Karanga gramu 150, kati yake 100 zisagwe ziwe siagi laini na 50 zivunjwe nusu nusu kwenye kinu. Unga wa soya iliyoiva gramu 100. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 100. Ukikosa, yenye mafuta yanafaa, protini itapungua kidogo. Mbegu za maboga zilizomenywa gramu 60, ambazo tunazitupa bure wakati karibu theluthi ya uzito wake ni protini. Ufuta gramu 40. Tende gramu 150 na asali vijiko vikubwa vitatu tu. Chumvi kidogo sana, na hiliki ya kutwanga kama unaipenda. Oti nimeiondoa. Si mbaya, ila inaleta wanga zaidi kuliko protini, na wanga unao wa kutosha kwenye wali na ugali.

Kaanga ufuta na mbegu, viache vipoe kabisa, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani unageuka maji na maji huleta ukungu. Tende ziweke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka mpaka zilainike, uziponde kwa mwiko ziwe rojo. Tia asali, tia siagi ya karanga, koroga ving'ae. Ondoa kwenye moto ndipo umimine vikavu kidogo kidogo. Mwishoni mwiko utakushinda. Paka viganja mafuta ukande kama unga wa chapati. Ukifinya donge likashikamana bila kupasuka pembeni, limefika. Likipasuka, ongeza kijiko cha siagi ya karanga, si asali. Shindilia kwenye sinia kwa unene wa kidole, liache kwenye friji saa mbili, kata vipande 12.

Kila kipande kitakuwa na gramu 55, protini 11 hadi 12, na kalori zile zile kama 235. Asali ndani yake imeshuka hadi gramu 5. Utaona sikupunguza kalori. Nimebadilisha zinakotoka. Na protini yenyewe imekuwa bora: karanga na ufuta vina upungufu wa laisini, moja ya asidi amino (matofali yanayojenga protini) ambazo mwili haujitengenezei, na soya pamoja na maziwa vinayo kwa wingi, ufuta nao unajaza methionini, asidi amino nyingine ambayo soya inayo kidogo. Ni mantiki ile ile ya makande, ambapo mahindi na maharage hujaziana. Kula kipande kimoja kwa siku. Kama unataka tumbo lipungue, kiwe mahali pa andazi, si juu yake.

Ule unga wa protini wa kopo? Mwingi umetokana na maziwa, na protini yake ni nzuri kweli: kijiko chake cha gramu 30 kinaweza kuwa na gramu 24. Una faida kwa mtu anayenyanyua vyuma vizito kila siku, mzee asiye na hamu ya kula, au aliyetoka kuugua. Wewe huuhitaji. Fedha ya kopo moja inanunua trei kadhaa za mayai, na familia nzima inakula. Isitoshe, ukiutia kwenye kashata huzifanya ziwe ngumu zaidi. Ukiamua kununua hata hivyo, soma lebo, hakikisha una alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na kwa kuwa unanyonyesha epuka wenye vichangamsho na "dawa za kuchoma mafuta" ndani yake.

Mtoto. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hata ya kulamba kidoleni, hata iliyopashwa moto. Inaweza kubeba mbegu za bakteria anayesababisha botulizimu. Utumbo wa mtu mzima unazishinda, wa mtoto mchanga unaziacha zichipue na kutoa sumu inayolegeza misuli, pamoja na ya kupumulia. Kama ameshaonja siku zilizopita, usiogope kupita kiasi, lakini akianza kukosa choo, kulegea shingo, kulia kwa sauti dhaifu au kushindwa kunyonya, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie kuhusu asali. Karanga nzima au zilizovunjwa nazo zisubiri mpaka afike miaka mitano, kwa sababu ya kupaliwa. Siagi laini ya karanga iliyochaguliwa vizuri, kijiko kidogo ndani ya uji wake, inafaa na ina faida. Anza na kiasi kidogo sana, asubuhi, mkiwa pamoja. Kama ana ukurutu mkali au amewahi kudhurika na yai, mwone daktari kwanza.

Mama mkwe asikatazwe kwa ukali, wazee wetu wakikatazwa hula kwa kificho. Nusu kipande cha zile mpya, mahali pa kitafunwa kingine, kwa mwenye kisukari kilichodhibitiwa si tatizo, na akipima sukari kabla na saa mbili baadaye atajua mwili wake unasemaje. Zile za zamani, hapana. Lakini kuna swali unalopaswa kuliuliza kwanza: figo zake zimepimwa lini? Kisukari cha muda mrefu huzidhuru kimya kimya, na kwa figo zilizochoka kuongeza protini bila ushauri ni kuzitwisha mzigo. Miguu kuvimba au mkojo wenye povu lisiloisha ni sababu ya kwenda kliniki kabla ya kashata yoyote.

Kuuza nakushauri usubiri. Jifunze kwanza zikae wiki bila kubadilika. Ukifika hapo, usimamizi wa chakula tangu 2019 uko TBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, hufundisha wajasiriamali wa usindikaji. Hata ukiwauzia walimu wenzako tu, andika kwenye karatasi ya kila kipande kwamba kina karanga, soya, maziwa na ufuta.

Ukiona mtu yeyote amekula kashata na midomo au ulimi ukavimba, ngozi ikatoka mabaka ya kuwasha au pumzi ikabana, usimpe maziwa wala maji ya ndimu. Mpeleke hospitali hapo hapo kwa usafiri wowote. Na wewe mwenyewe, ukiacha soya mbichi gesi inapaswa kupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, au ukipata maumivu, kuharisha kusikoisha au kupungua uzito usikoelewa, usiendelee kubadilisha mapishi, nenda ukapimwe. Halmashauri yenu ina afisa lishe, na siku ya kliniki ya mtoto ni siku nzuri ya kumwona. Beba karatasi yenye vyakula vyako vya siku tatu, na kipande kimoja cha kashata mpya akionje.